Uso wa Sita ni Upi? Suala la Urejeshi katika Vitu Vinavyoandikwa kwa Programu za Usanifu



Katika mihadhara ya taaluma za Kiswahili, kompyuta imezoeleka kujadiliwa kwa upande wa istilahi. Huulizwa kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na majibu hutofautiana kati ya Dar es Salaam na Nairobi. Kazi hiyo ina heshima yake. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kwenye menyu zake. Mhadhara huu, hata hivyo, hauhusu msamiati. Unahusu sarufi, na ndani ya sarufi tawi moja tu, yaani urejeshi, kama unavyojitokeza mahali ambapo wanaisimu hawajazoea kuutafuta: ndani ya skripti inayoiagiza programu ya usanifu ijenge kitu chenye parameta, kitu ambacho kinategemea umbo la kitu kingine.

Hoja yenyewe ni hii. Mwanafunzi anayejifunza kuandika vitu vya namna hiyo hakwami kwa kukosa nomino. Uso, ukingo, kipeo, kipenyo na kina ni maneno yanayofahamika tangu vitabu vya hisabati vya shule. Hukwama anapotakiwa kusema "uso ule" kwa njia itakayobaki kuwa kweli baada ya mchoro kubadilika. Hilo ni tatizo la urejeshi, na Kiswahili kinalo jambo la kulisemea.

Kitu kinachojikokotoa upya

Mchoro wa karatasi ni mistari. Kitu chenye parameta ni maagizo ya kuchora pamoja na thamani zake. Wazo hili si geni. Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT, Marekani, tasnifu iliyoeleza programu yake ya Sketchpad, ambamo mchoro mmoja wa asili uliweza kuwa na nakala nyingi, na asili ilipobadilishwa nakala zote zilibadilika nayo. Programu za usanifu zilizofuata zimeendeleza wazo hilohilo kwa njia mbalimbali. Mfano utakaotumika hapa ni FreeCAD, programu huria ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Imechaguliwa kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, haimlipishi mwanafunzi chochote, na inaruhusu vitu vipya kuandikwa kwa lugha ya Python.

Mwandishi wa skripti hutangaza kwanza sifa za kitu: kipenyo, kina, rangi, na kadhalika. Kisha huandika kazi moja yenye jina lisilobadilika, execute, ambayo ndani yake hueleza namna ya kupata umbo kutokana na sifa hizo. Mtumiaji akibadilisha kipenyo kutoka milimita 12 hadi 16, programu hukiwekea kitu alama kwamba kimeguswa, na zamu yake ya kukokotolewa ikifika huiita kazi ile na kupokea umbo jipya. Mwandishi haamui ni lini kitu kikokotolewe. Anaandika tu kitakavyokokotolewa kitakapoitwa.

Jina execute haliwezi kutafsiriwa, kwa kuwa programu hulitafuta kwa herufi hizohizo. Wala hayawezi kutafsiriwa maneno 35 ambayo Python ya sasa imejitengea. Lakini majina ya sifa ni hiari ya mwandishi, na Kiswahili hapa kina bahati: tahajia yake haihitaji herufi yoyote nje ya alfabeti ya kawaida ya Kilatini. Sifa yaweza kuitwa Kipenyo, Kina au UsoWaMsingi, na maelezo yake mafupi yakaandikwa kwa Kiswahili fasaha. Kikwazo ni kimoja, nacho ni king'ong'o. Katika Python alama ya ritifaa hufungua mfuatano wa herufi, kwa hiyo hapana sifa iwezayo kuitwa UsoWaNg'ambo. Mwandishi atalazimika kuandika Ngambo na kumwachia msomaji ayatamke ipasavyo, au achague neno jingine.

Urejeshi uliotangazwa na urejeshi uliofichwa

Ugumu huanza kitu kimoja kinapohitaji kujua umbo la kingine. Chukuliwe mfano wa bamba la chuma lenye urefu wa milimita 200, upana wa 100 na unene wa 20. Kitu cha pili ni tundu la bolti lenye kipenyo cha milimita 12, ambalo linapaswa kutobolewa katikati ya uso wa juu wa bamba hilo. Tundu linarejelea bamba. Swali ni wapi urejeleaji huo uandikwe.

Wanaoanza aghalabu huuandika ndani ya mwili wa kazi ya kukokotoa: kazi inapoitwa, hulitafuta bamba katika hati kwa jina lake, hulipata, na kuendelea. Jaribio la kwanza hufaulu, na hapo ndipo udanganyifu ulipo. Siku bamba litakapoongezwa unene, tundu halitasogea, kwa sababu programu haina habari kwamba viwili hivi vinahusiana. Uhusiano umezikwa katika sentensi ambayo programu haiisomi mpaka iambiwe kuitekeleza, na haitaambiwa.

Njia iliyo sahihi ni kuutangaza urejeleaji kama sifa ya kitu, ya aina ya kiungo. Tundu linapata sifa, mathalani Msingi, ambayo thamani yake si nambari wala neno bali ni bamba lenyewe. Sasa programu inaweza kujenga mti wa utegemezi: inajua nani anamtegemea nani, inakokotoa bamba kwanza na tundu baadaye, na bamba likiguswa tundu nalo huhesabiwa kuwa limeguswa. Kadhalika inaweza kukataa mzunguko. Ikiwa tundu linategemea bamba, na mtu akaandika kwamba unene wa bamba utegemee kina cha tundu, programu itatoa kosa badala ya kuzunguka bila kikomo.

Msomi wa Kiswahili atalitambua jambo hili mara moja. Kitenzi cha Kiswahili hakiachi uhusiano wake na nomino ukisiwe kutokana na mpangilio wa maneno peke yake. Hubeba kiambishi kinachoutangaza. Neno limetobolewa, hata likisimama peke yake, linamlazimu msikilizaji atafute kitu cha ngeli ya li-ya. Kiambishi hakilitaji bamba kwa jina, lakini kinasema wazi kwamba kipo kitu kinachotegemewa, na kwamba kikiwa mabamba badala ya bamba basi kitenzi nacho hakina budi kuwa yametobolewa. Upatanisho wa kisarufi ni ukokotoaji upya unaofanyika kinywani. Ulinganisho huu usivutwe kupita kiasi, maana ngeli haina kalenda ya nani akokotolewe kwanza. Lakini kwa kufundishia unatosha, na pengine unafaa kuliko michoro ya mishale iliyojaa katika vitabu vya programu.

Uso wa sita

Kulitaja bamba hakutoshi. Tundu halitobolewi kwenye bamba zima bali kwenye uso mmoja. Mche mstatili kama bamba hili una nyuso 6, kingo 12 na vipeo 8, na FreeCAD huvipa vyote majina ya tarakimu. Uso wa juu wa mche mstatili uliotoka kiwandani mwa programu huitwa Face6, yaani uso wa sita. Sifa ya kiungo yaweza kubeba vyote viwili kwa pamoja: bamba, na jina la sehemu yake. Mtumiaji hubofya uso kwa kipanya, jina hunakiliwa, na kazi imekwisha. Ndani ya skripti, lakini, orodha ya nyuso huanza kuhesabiwa kwenye sifuri, kwa hiyo uso wa sita hupatikana kwa nambari 5. Makosa mengi ya wanafunzi huzaliwa hapo, ingawa hayo ni madogo na hugunduliwa siku hiyohiyo.

Kosa kubwa huja baadaye. Mbunifu anaamua kukata kona moja ya bamba, pengo la mraba la milimita 40 kwa 40 linalopita unene wote. Kiungo cha tundu kinaelekezwa kwenye bamba lililokatwa. Bamba hilo sasa lina nyuso 8, kingo 18 na vipeo 12. Limehesabiwa upya, na hapana ahadi iliyowahi kutolewa kwamba uso wa juu utaendelea kuwa wa sita. Ikiwa nambari hiyo imeangukia ukuta wa pembeni, tundu litatobolewa kwa ubavu. Ukuta una kimo cha milimita 20 na tundu lina kipenyo cha 12, kwa hiyo linatosha, likiacha milimita 4 kila upande. Hapana kosa litakaloonyeshwa. Hapana rangi nyekundu. Programu imetii ilichoambiwa: uso wa sita. Kama mchoro huo una vitu mia, na mtazamaji ameugeuzia upande mwingine, mtu wa kwanza kuliona tundu hilo aweza kuwa fundi aliyeshika bamba la chuma lililokwisha kutobolewa.

Tatizo hili lina historia ndefu katika fani ya usanifu, na watafiti wameliita tatizo la majina ya kudumu. Jiri Kripac alichapisha mwaka 1997 makala kuhusu utaratibu wa kuzipa sehemu za umbo majina yasiyopotea historia ya umbo inapochezwa upya. Katika FreeCAD lilikuwa lalamiko la miaka mingi, na toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, liliingiza suluhisho lililotokana na kazi ya msanidi anayejulikana kwa jina la realthunder. Wasanidi wenyewe hawakudai kwamba tatizo limefutika. Wamelipunguza, na wamelipunguza sana.

Tarakimu, nasaba na maelezo

Zipo basi njia tatu za kuurejelea uso. Ya kwanza ni tarakimu, ambayo imekwisha kuonekana ubovu wake. Tarakimu ni kama kiashiria cha mtu anayenyoosha kidole gizani: kilikuwa sahihi wakati kilipotolewa.

Ya pili ni nasaba, na ndiyo iliyoingia katika toleo la 1.0. Uso haukumbukwi kwa nafasi yake katika orodha bali kwa asili yake: ni uso uliozaliwa na mstari fulani wa mchoro, ukapanuliwa na tendo fulani, ukakatwa na pengo fulani. Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu juu ya mfumo huu. Fulani bin fulani bin fulani hapotei mtaani kwa sababu tu nyumba zimehesabiwa upya. Ila nasaba nayo ina mtihani wake. Uso mmoja ukipasuliwa na mfereji ukawa nyuso mbili, zote mbili ni watoto wa mzazi yuleyule, na tundu lililomtaja mzazi halina namna ya kujua litobolewe kwa mtoto yupi.

Ya tatu ni maelezo, na hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapoingia kwa miguu yote miwili. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliieleza -o ya Kiswahili kuwa ni ya urejeleaji, mofimu inayokirudia kitu kilichokwisha kuwamo katika mazungumzo. Ndiyo iliyomo katika huo, ndiyo iliyomo katika ambao, na ndiyo iliyomo katika ulio. Msemaji akisema "uso ulio juu kabisa unaoelekea angani" hajataja nambari wala nasaba. Ametoa sharti, na uso wowote utakaotimiza sharti hilo ndio unaokusudiwa, uwe wa sita au wa tatu.

Skripti yaweza kuandikwa vivyo hivyo. Badala ya kuhifadhi jina Face6, kazi ya kukokotoa huzipitia nyuso zote za bamba; huuliza kila mmoja mshale unaosimama wima juu yake unaelekea wapi; huziweka kando zisizoelekea juu; kisha katika zilizobaki huchagua iliyo na kimo kikubwa kuliko zote. Ulinganisho wa vimo uruhusu tofauti ndogo sana, kwa kuwa kompyuta hukokotoa kwa desimali zisizo kamili na vimo viwili vilivyo sawa katika akili ya mbunifu huenda vikapishana kwenye tarakimu za mwisho. Kona ikikatwa, uso wa juu hupatikana. Bamba likiongezwa unene, hupatikana. Skripti ya namna hii ni ndefu kwa mistari michache kuliko ile ya tarakimu, na mistari hiyo ndiyo kishazi rejeshi kilichokuwa kimekosekana.

Inafaa isemwe pia pale maelezo yanapoumiza. Bamba likisimamishwa wima, "uso ulio juu" si uso uleule tena. Ni ubavu wa zamani uliopandishwa cheo. Kama mbunifu alikusudia tundu lifuatane na mwili wa bamba popote liendapo, maelezo hayo yamemsaliti, na nasaba ingemfaa zaidi. Kama alikusudia tundu la kutolea maji ambalo sharti litazame juu daima, maelezo yamemtendea haki. Programu haiwezi kuyatofautisha makusudio haya mawili, wala jiometri haiwezi. Aliyekusudia ndiye anayepaswa kuchagua kishazi.

Umoja, wingi na neno "katikati"

Kiswahili humlazimu msemaji ajitambulishe mapema kama anazungumzia uso ulio juu au nyuso zilizo juu. Python haimlazimu. Bamba likiwa na vikalio viwili vilivyoinuka kwa kimo kimoja, utafutaji uliotajwa utarudisha nyuso mbili, na mwandishi mwenye haraka atachukua ya kwanza katika orodha. Kwa tendo hilo tarakimu iliyofukuzwa imerejea kimyakimya, maana kuwa wa kwanza katika orodha ni cheo kilekile kisicho na ahadi. Skripti nzuri huhesabu ilichokipata kabla ya kukitumia. Ikiwa iliandikwa kwa umoja na imekuta wingi, inasimama na kusema.

Neno jingine la kuangaliwa ni katikati. Tundu la mfano liko katikati ya uso wa juu, yaani milimita 100 kwa urefu na 50 kwa upana. Baada ya kona kukatwa, skripti iliyouliza kitovu cha uzito wa uso, jambo ambalo wengi huliuliza kwa mazoea, haitapata tena 100 na 50. Eneo la uso limepungua kutoka milimita za mraba 20,000 hadi 18,400, na kitovu kimeukimbia upande uliokatwa: sasa kiko kwenye takriban 93.0 kwa urefu na 47.4 kwa upana. Uso ni ule uliokusudiwa, hakuna aliyekosea jina, na bado tundu limehama kwa takriban milimita 7 upande mmoja na 2.6 upande mwingine. Bolti haitaingia. Kama katikati iliyokusudiwa ni ya mstatili unaolizunguka umbo lote, skripti iulize mpaka wa nje wa uso na kugawa kwa mbili. Lugha ya kila siku huiacha katikati ibebe maana zote mbili bila kumdhuru yeyote, kwa kuwa anayeweka meza katikati ya chumba huiona meza.

Umbo lililobaki bila sarufi

Jambo moja la kiutendaji halina budi kutajwa kwa wanafunzi wanaotumiana kazi. Hati ya FreeCAD inapohifadhiwa, huhifadhi sifa za kitu, viungo vyake na umbo la mwisho lililokokotolewa. Skripti yenyewe haimo. Kilichomo ni jina la mahali inapotarajiwa kupatikana. Anayepokea hati bila skripti ataliona tundu likiwa mahali pake, atalizungusha na hata kulipima, lakini akibadilisha kipenyo hapatatokea kitu. Kwa hiyo mwenye kuhifadhi kazi za namna hii maktabani ahifadhi skripti pamoja na hati, na aandike toleo la programu lililotumika.

Ujumbe wa kosa

Limebaki suala la skripti inasema nini inaposimama. Waandishi wengi huunda ujumbe kwa kubandika nambari mbele ya maneno yaliyokwisha kuandikwa. Kwa Kiingereza mbinu hiyo huhitaji kurekebisha mwisho wa nomino, basi. Kwa Kiswahili nambari ikibadilika, hubadilika nomino, kivumishi na kitenzi: uso 1 umepatikana, nyuso 2 zimepatikana, ukingo 1 mrefu umekatwa, kingo 3 ndefu zimekatwa. Mifumo ya kutafsiri programu hukipa Kiswahili maumbo mawili, moja la nambari 1 na jingine la nambari nyingine zote, na sifuri huingizwa katika wingi. Ndiyo sababu hutokea ujumbe kama "nyuso 0 zimepatikana", ambao mtumiaji huuelewa lakini hakuna mzazi amfundishaye mtoto kusema hivyo. Mzungumzaji husema "hakuna uso uliopatikana", kwa umoja, kwa kitenzi kikanushi, na kwa kishazi rejeshi. Mwandishi wa skripti anayetaka tundu lake lizungumze vizuri ataandika ujumbe wa aina tatu: wa kukosa, wa kupata mmoja, na wa kupata wengi. Wa kukosa na wa kupata wengi ndio utakaosomwa na mtu aliyekwama, pengine usiku, akiwa na bamba la kupeleka karakana asubuhi. Nao unapaswa kumwambia ni kitu gani kilichokuwa kikitafuta, kilitafuta uso wa sifa gani, na kilikuta nyuso ngapi zenye sifa hiyo.